Kambi ya siku moja, mkoba wa kila mwezi, mhudumu wa nyumbani au klabu: kipi kiwafae wazee wasiojiweza?

Usharika umechanga, jumuiya ya msikiti imechanga, au wazaliwa wa kijiji walioko mjini na ughaibuni wamekusanyana kwenye kundi lao la WhatsApp, na sasa kuna fedha za kuwahudumia wazee wa nyumbani. Zitumike vipi? Wengi hukimbilia kambi ya matibabu ya siku moja kwa sababu huandaliwa upesi na kila mtu huiona. Hapa tunalinganisha njia zinazotumika vijijini Tanzania, na msimamo wetu tunautaja mapema. Kwa presha na kisukari, magonjwa yanayohitaji dawa kila siku ya maisha, kliniki ya mkoba, yaani watumishi wa zahanati kuwafuata wazee kitongojini, inayorudi kila mwezi bila kukosa ndiyo ya kuanzia. Mhudumu wa nyumbani ni wa wale wasiofika hata kwenye mkoba. Klabu, yaani kikundi cha wazee waliotulia wanaokutana kupimwa na kuchukua dawa, huja baada ya hizo mbili kusimama. Kambi ibaki kwa macho na meno.

Anzeni na majina

Chukua kijiji cha watu 3,000. Kwa sensa ya 2022, watu wa miaka 60 na kuendelea ni chini kidogo ya sita katika kila mia, kwa hiyo tegemea wazee 170 hivi. Kabla hamjatoa shilingi, kaeni na wenyeviti wa vitongoji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mpitie majina yote na kuyagawa mafungu matatu: wanaofika zahanati wenyewe, wanaotembea lakini mwisho wao ni ofisi ya kijiji, na wasiotoka nje ya ua. Fungu la tatu huwa dogo na ndilo linalosahaulika, kwa kuwa halionekani ibadani, sokoni wala kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akisema "hao hawapo hapa kwetu", muulize nyumba kwa nyumba, watapatikana.

Kwenye kila jina andikeni mzee anaishi na nani, nani anampikia, anatumia dawa gani (omba pakiti uisome, usitegemee maelezo), na kama ana kitambulisho cha matibabu bila malipo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiyejiweza anastahili kutibiwa bure kwenye vituo vya umma. Maana yake ni kwamba ada ya kumwona mganga si kikwazo kikuu, angalau kwenye karatasi. Vikwazo vinavyobaki ni vitatu: miguu, dawa, na mtu wa kumsindikiza au kumkumbusha. Kila njia tutakayoitaja inaondoa kimoja vizuri na kingine vibaya, na orodha yenu ndiyo itakayowaambia kipi kinawasumbua zaidi.

Kambi ya siku moja

Kambi ina kazi yake halali: inafaa pale ambapo tendo moja linamaliza tatizo. Mtoto wa jicho ni mfano bora. Mzee aliyekuwa akiongozwa kwa fimbo na mjukuu anafanyiwa upasuaji mfupi na anarudi kuchuja unga wake mwenyewe. Kung'oa jino bovu, kusafisha masikio yaliyoziba nta na kugawa miwani ya karibu ni vivyo hivyo.

Kupima macho hakuhitaji mashine. Bango la herufi E linatundikwa mita 6 kutoka alipokaa mzee, naye anaonyesha kwa vidole E imeelekea wapi. Akishindwa, mpe kipande cha kadibodi kilichotobolewa tundu dogo achungulie. Akiona vizuri zaidi kupitia tundu, tatizo lake kwa kawaida hurekebishwa kwa miwani. Asipoona tofauti yoyote, na mboni ina weupe, huyo ni wa kupelekwa kwa mtaalamu wa macho. Miwani ya karibu huanzia +1.00 hadi +3.50, na kwa asiyesoma usimpe gazeti: mpe sinia la mchele achambue, au sindano na uzi. Miwani inayomwezesha kutoa kokoto kwenye mchele ndiyo yake.

Waandaaji wa kambi ya macho waulizwe mapema: upasuaji unafanyika hospitali gani, nani analipia nauli ya mzee na msindikizaji, na nani anaondoa bandeji na kukagua jicho kesho yake. Kambi isiyo na jibu la swali la mwisho msiikubali.

Kwa presha na kisukari, kambi inatuumiza kichwa. Mzee ametembea kilomita tano juani, amesukumana kwenye foleni, akifungwa tu mkanda mashine inasoma 170. Anaandikiwa dawa za siku 14, kambi inafungwa, siku ya 15 hana kitu. Baadhi ya dawa za presha, kama atenolol na propranolol, zikikatizwa ghafla huweza kuuyumbisha moyo na kumwacha mgonjwa pabaya kuliko alivyokuwa. Na hata anayepewa dawa salama anajifunza somo potofu, kwamba presha ni kitu cha kutibiwa kwa wiki mbili na kuisha. Miezi baadaye mhudumu atahangaika sana kumbadilisha mawazo.

Kama kambi imeshapangwa na haiwezi kuzuiwa, iwekeni ndani ya wiki ya kliniki ya mkoba, ili kila aliyekutwa na presha au sukari aandikishwe papo hapo kwenye rejesta ya zahanati na kupewa tarehe ya mwezi ujao.

Kliniki ya mkoba ya kila mwezi

Muuguzi na mganga wa zahanati wanatoka na vifaa hadi kitongoji cha mbali, ofisi ya kijiji au darasa la shule, siku ileile kila mwezi. Utaratibu huu vijiji vinaujua tayari, maana chanjo na upimaji wa watoto hufikishwa hivyo. Ndiyo faida yake kubwa: pikipiki inakwenda kwa vyovyote, muuguzi anakwenda kwa vyovyote, na ninyi mnaongeza mtu wa pili, mashine na dawa tu. Lakini msiwachanganye wazee na kina mama wenye watoto kwenye benchi moja. Wazee waje saa 2 hadi saa 4 asubuhi, jua halijakali, na kina mama baada ya hapo. Saa zikichanganyika, mzee ndiye anayekata tamaa wa kwanza na kurudi nyumbani bila kupimwa.

Kipimo cha presha ndicho kinachoharibiwa zaidi kuliko vyote, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Mzee aliyefika sasa hivi hapimwi. Akae dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkono wa shati umepandishwa, asizungumze. Awe amekwenda msalani, na kwa nusu saa asiwe amevuta sigara, kunusa ugoro au kunywa kahawa. Pima mara mbili kwa kuachia dakika moja. Kisha msimamishe, upime tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, huyo yuko hatarini kuanguka akiamka usiku kwenda kukojoa. Kumwongezea dawa bila mganga kuliona hilo ni kumtafutia kuvunjika nyonga.

Mkanda nao una saizi. Ule wa kawaida wa watu wazima umetengenezwa kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Wazee wengi waliokonda wako chini ya hapo, na mkanda mkubwa kwao hutoa namba iliyo chini ya ukweli, kwa hiyo mgonjwa anaambiwa ni mzima. Kwa mama mnene, mkanda mdogo hupandisha namba na mzima anapewa dawa. Nunueni mikanda ya saizi tatu na futi ya fundi cherehani ya kupimia mkono. Mashine ya kufunga kwenye kifundo cha mkono achaneni nayo. Betri zikichoka mashine husoma ovyo au hukataa kusoma, hivyo seti ya akiba iwe mkobani kila safari. Na mashine ikiandika kosa mara mbili tatu kwa mzee yuleyule, shika mapigo yake kwa vidole: huenda moyo unadunda bila mpangilio, na hilo lenyewe ni sababu ya kumwona mganga.

Sasa hesabu ya muda. Ukipima hivyo, ukiacha dakika 5 za kupumzika ambazo anazikaa akisubiri zamu, mzee mmoja anachukua kama dakika 6. Wazee 40 kwa mashine moja ni dakika 240, saa 4 nzima, na muuguzi atalazimika kufupisha. Akifupisha, namba zinaharibika. Kwa mashine mbili na watu wawili wa kupima ni saa 2. Ndiyo maana tunashauri mashine ya pili kabla ya hema, meza au bango.

Presha ya 140/90 na kuendelea, ikionekana kwenye siku mbili tofauti, ndiyo inayoingizwa kwenye matibabu. Ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kupinda, mkono kulegea au kuchanganyikiwa, ni ya hospitali saa hiyohiyo, kwa hiyo siku ya mkoba kuwe na namba ya dereva aliyekubali kusubiri. Bila dalili hizo, mpumzishe, mpime tena, mganga amwone siku hiyo na aamue. Kumwekea nifedipine chini ya ulimi ili "ishuke haraka" ni mazoea ya zamani na ni hatari: presha ikianguka ghafla inaweza kuleta kiharusi kilekile mnachokikimbia.

Kwa sukari, kidole kioshwe kwa maji na kukaushwa. Mzee aliyetoka kula embe akichomwa bila kunawa, kipimo kitasoma utamu wa embe. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati penye maumivu zaidi. Vijiti vya kupimia havivumilii joto wala unyevu: mkebe ufungwe mara kijiti kinapotoka, usiachwe kwenye sanduku la pikipiki, na tarehe ya kwisha isomwe kila mwezi. Aliyelala bila kula akisoma 7.0 au zaidi siku mbili tofauti, au aliyekula akisoma 11.1 au zaidi akiwa na kiu, kukojoa sana na kukonda, ana kisukari. Kila mwenye kisukari avue viatu. Kidonda au mwiba kwenye unyayo usiohisi ndio mwanzo wa mguu kukatwa, na mzee hawezi kuuona unyayo wake mwenyewe.

Neno moja kuhusu glibenclamide, dawa ya kisukari, kwa kuwa bado iko kwenye makabati mengi. Shirika la Afya Duniani limeitaja kuwa haifai kwa watu wa zaidi ya miaka 60, kwa sababu inashusha sukari kupita kiasi na kwa muda mrefu. Mzee anayekula mlo mmoja kwa siku yumo hatarini zaidi, na mwezi wa Ramadhani hatari inaongezeka. Atakutwa anatetemeka, ametoka jasho, au anaropoka na watu wakadhani ni uzee. Mwombeni mganga awahamishie metformin au gliclazide kadiri atakavyoona inafaa, na wafungaji waonwe wiki sita hadi nane kabla ya mfungo kuanza.

Mkoba hufa kwa sababu zilezile kila mahali: mafuta hayakutolewa, muuguzi yuko semina, mvua imekata barabara, dawa hazikufika. Mkoba ukikosa miezi miwili mfululizo, wazee wanaacha kuja hata ukirudi. Kwa hiyo tengeni fedha ya mafuta ya mwaka mzima mapema. Ombeni zahanati iingize safari hizo kwenye mpango wake wa mwaka, maana tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi ya kituo ina sauti juu ya matumizi yake. Kwa miezi ya masika chagueni tangu mwanzo sehemu ya pili, ng'ambo hii ya mto.

Dawa ndizo zinazoamua

Njia yoyote mtakayochagua, piga hesabu ya vidonge kwanza. Tuseme kati ya wazee 40 wa mkoba, 25 wanatumia amlodipine ya presha kidonge kimoja kwa siku. Ni vidonge 750 kwa siku 30. Ongeza robo kwa ajili ya wageni na kuchelewa kwa mzigo, unapata kama 940, agizeni 1,000. Fanyeni hivyo kwa kila dawa, kisha mpelekeeni mganga mfawidhi hesabu hiyo kabla ya tarehe yake ya kuagiza Bohari ya Dawa. Kinachokosekana huko, zahanati hununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa kwa mkoa, ilimradi iwe na fedha.

Wafadhili wengi hukosea hapa bila kujua. Wananunua dawa duka la jumla mjini, wanazigawa wenyewe kijijini, na hazipiti kwenye leja ya zahanati. Matokeo yake matumizi ya kijiji hayaonekani popote, oda ya miezi inayofuata inabaki ndogo ileile, na siku mfadhili akichoka kabati linakuwa tupu kuliko mwanzo. Kama mnataka kusaidia dawa, kabidhini kwa maandishi kwenye zahanati, ziingizwe leja, zitoke kwa jina la mgonjwa kwenye rejesta.

Pasipo dawa zahanati, mzee hununua duka la dawa muhimu vidonge vitano kwa vile fedha yake inaishia hapo, anakunywa siku anayojisikia vibaya na kuacha akipata nafuu. Pamoja na hivyo hununua diclofenac ya magoti. Hiyo hupandisha presha, huchoma tumbo hadi kutoa damu na huzichosha figo, hivyo inabatilisha nusu ya kazi ya mkoba. Ulizeni dawa za maumivu kila mwezi, kwa jina na kwa rangi ya pakiti.

Mhudumu anayekwenda nyumbani

Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, kwa mafunzo ya miezi sita. Kenya imekwenda kwa namna yake: mhudumu anashika kaya kama 100, mkoba wake una mashine ya presha na ya sukari, na posho ni shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi zinazochangiwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Kwenu, jueni kwanza wahudumu walioko wana nini mkononi na wanalipwa na nani. Kuanzisha jeshi lenu la wahudumu pembeni yao ni kuwagonganisha bure.

Mhudumu mmoja kwa miguu anawamaliza wazee wanne au watano kwa asubuhi. Akitenga asubuhi mbili kwa wiki, ni 35 hivi kwa mwezi. Kwa fungu la tatu la orodha yenu hiyo inatosha kabisa. Kwa wazee wote 170 haitoshi, na ndiyo maana hatushauri njia hii ibebe kijiji kizima.

Ziara nzuri ina dakika 40 na zaidi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, mhudumu haulizi "Bibi, unakunywa dawa?" kwa sababu jibu litakuwa ndiyo. Anasema "Bibi, naomba unionyeshe dawa zako", anahesabu. Aliyepewa 30 na kumaliza siku 20 abaki na 10. Akiwa na 22, mazungumzo yanaanzia hapo, taratibu, bila kumfokea. Huenda zinampa kizunguzungu, huenda miguu inavimba kwa amlodipine, huenda anamgawia jirani.

Halafu vipimo visivyo na kifaa. Aketi kwenye kiti, akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano: akizidi sekunde 14 au akishindwa, nguvu za miguu zimepungua. Mtajie maneno matatu, tuseme mwembe, ndoo, jiwe. Muulize leo ni siku gani na mko wapi, kisha ayarudie yale matatu. Akiyapoteza apelekwe kwa mganga, asichekwe. Pasipo mzani, kukonda kunaonekana kwenye tundu jipya la mkanda au pete inayoteleza kidoleni. Kilo 3 zikipungua kwa miezi mitatu bila kutaka, kuna jambo.

Kwa asiyeinuka kitandani, mhudumu amfunue na kuangalia makalio, nyonga, visigino na viwiko. Wekundu usiopotea ukibonyezwa ni kidonda cha kulalia kinachoanza. Kwa ngozi nyeusi tafuta sehemu iliyobadilika rangi, yenye joto au ugumu. Anayemhudumia afundishwe kumgeuza kila saa 2, shuka ikae kavu na haina mikunjo, visigino vininginie kwa mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu. Mwanamke ahudumiwe na mwanamke, mwanamume na mwanamume. Masuala ya mkojo kutoka ovyo au tezi dume hayasemwi mbele ya mtu asiyestahili kuyasikia.

Fedha zenu zinaweza kufanya makubwa hapa kwa vitu vidogo. Fundi seremala atoboe tundu kwenye kiti imara kiwekwe juu ya choo cha shimo, kwa mzee asiyeweza kuchuchumaa. Kamba ifungwe kutoka mlangoni hadi chooni. Bakora ikatwe urefu wa kufika kwenye mkunjo wa kiganja mzee akisimama, na mpira ufungwe chini. Tochi iwekwe chini ya mto.

Kanda ya Ziwa kuna jambo la ziada. Huko vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, au walioanza kupoteza kumbukumbu na kuzungumza peke yao, wamesingiziwa uchawi na wengine wameuawa. Mhudumu anayeingia nyumbani kwa bibi kila mwezi, mchana, akieleza familia na majirani kwamba huu ni ugonjwa wenye jina na dalili zake, anafanya kazi ya ulinzi pia. Akisikia maneno yameanza, apeleke taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Mhudumu haanzishi dawa ya presha wala kubadilisha dozi. Anayefanya hivyo kwa nia njema ataleta balaa. Na kazi yake hudorora kwa mambo yanayojulikana: posho iliyokatika, vocha hana, au kapewa kila mradi wa kata hadi wazee wanakuwa wa mwisho. Mkimlipa nauli na vocha, mlipeni kwa tarehe inayojulikana na kwa orodha ya majina aliyoyatembelea, na mtu mwingine awapitie watatu kati yao kila mwezi.

Klabu ya wazee

Klabu ni wazee 15 hadi 25 wenye presha au kisukari kilichotulia kwa miezi mitatu mfululizo. Wanakutana karibu na kwao, wanapimana kwa kusimamiwa na mhudumu, wanafanya mazoezi ya kusimama na kuketi, wanachukua dawa zilizofungwa na zahanati kila moja kwa jina. Muuguzi anapunguziwa foleni, wazee wanapata wenzao wa kuongea nao, na upweke, ambao hauna kidonge, unapata dawa. Magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH umeunganisha kliniki za vikundi na vikundi vya kuweka na kukopa.

Hapo kwenye kukopa ndipo pa kuangalia. Klabu ikishageuka VICOBA, asiye na hisa anaona aibu kuja, na huyo ndiye mliyemkusudia. Kibubu kiwe hiari, na dawa isifungwe kwenye mchango hata wa shilingi mia. Kanuni ya pili: mwanachama akisoma 140/90 au zaidi mikutano miwili mfululizo anarudi kwa muuguzi kwanza. Bila kanuni hiyo klabu inakuwa mahali pa kuandika namba daftarini tu.

Hatushauri kuanza na klabu. Isipokuwa na mkoba nyuma yake, haina wa kumrudishia mgonjwa.

Au nauli tu?

Orodha yenu ikionyesha wengi wako fungu la kwanza, msiunde kitu kipya. Kwa kijiji chenye zahanati katikati, fedha iende kwenye bodaboda ya siku maalumu ya wazee, na kwenye kukamilisha vitambulisho: barua ya mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, kisha ustawi wa jamii halmashauri, na picha za pasipoti. Wengi hukwama kwenye picha, kwa hiyo mleteni mpiga picha kijijini siku moja. Asiye na cheti cha kuzaliwa aandikiwe na mtendaji kwa ushahidi wa wazee wenzake. Jueni pia kwamba kadi ya halmashauri moja inaweza kukataliwa kwenye hospitali ya nje ya halmashauri hiyo. Kwa rufaa, mzee aondoke na barua ya ustawi wa jamii mkononi.

Kwa fedha mlizonazo

Fedha ikitosha mwaka mmoja tu na kidogo: mashine mbili za presha, mikanda, vijiti vya sukari, mafuta ya safari 12, na ziara za nyumbani kwa fungu la tatu. Ikitosha miaka miwili au mitatu, mwezi wa saba tangu mkoba uanze ongezeni klabu ya kwanza kwa waliotulia, na mwaka wa pili iteni kambi ya macho. Ikitosha siku moja pekee, iwe ya macho.

Kabla ya kukabidhi chochote, pateni kwa maandishi mambo manne kutoka zahanati: tarehe ya mkoba kwa mwezi, nani atakwenda muuguzi wa sasa akihamishwa, vidonge vingapi vimeagizwa, na nani atanunua vijiti vya sukari mkebe wenu wa mwisho ukiisha. Swali la vijiti ndilo linalokosa jibu mara nyingi. Likikosa jibu, punguzeni idadi ya watu wa kupimwa sukari sasa, wabaki wenye kisukari kinachojulikana na wenye dalili, ili vijiti vifike mwisho wa mwaka.